Kada ya Mtu Mmoja

Kengele ya Sekela, fundi wa maabara yetu, ikilia, taasisi nzima tulikuwa tunaganda. Mlinzi anazima pampu ya maji, mama wa chai anashika birika bila kumimina, na mimi, afisa utumishi mwenye ofisi ya tatu kutoka maabara, nashusha mhuri taratibu badala ya kuugonga. Kwa sekunde tisini hakuna kutembea, hakuna kuvuta kiti, hakuna kufunga mlango. Wageni walidhani tunamkumbuka marehemu. Kengele ikilia mara ya pili, kila mtu anaendelea pale alipoishia. Niliishi hivyo zaidi ya miaka kumi, na hadi leo akipita muuza koni na kikengele chake kule kwangu Mbagala, nasimama katikati ya jiko na mwiko mkononi.

Naomba nieleze kilichokuwa kinafanyika humo ndani, maana mimi mwenyewe ilinichukua miaka miwili kukielewa na sioni aibu kusema. Kuna leza ya mwanga wa zambarau. Mwanga wake unagawanywa kwa vioo kuwa miale minne, kila mmoja unapita njia yake juu ya meza ya chuma, halafu yote inakutana tena kwenye bamba dogo la kioo lililopakwa dawa inayobadilika ikiguswa na mwanga. Mawimbi yanapokubaliana, dawa inaungua. Yanapopingana, dawa inabaki kama ilivyo. Ukilisafisha bamba unapata vitone vilivyojipanga mistari, zaidi ya elfu moja katika milimita moja, na huwezi kuviona bila hadubini kubwa. Bamba hilo ndilo mama. Kutoka kwake wanapiga chapa za vibandiko vinavyowekwa kwenye maboksi ya dawa za hospitali. Kibandiko ukikiinamisha kinatoa rangi zake, na mtu wa dawa feki hata awe na mashine gani ya kuchapia hawezi kuziiga, kwa sababu hakuna wino unaoweza kupigwa vitone vidogo kiasi hicho.

Miale mitatu ya kwanza, mtu yeyote mwenye subira angeweza kuiweka. Shida ilikuwa wa nne. Michoro iliyokuja na vifaa kutoka nje ilikuwa ya meza nyingine kabisa, ya jengo lisilotikisika. Sisi tuko Temeke, nyuma ya barabara ya malori ya bandarini. Sekela alikaa nayo miezi saba, akaitengeneza upya. Meza akaiegesha juu ya mipira ya ndani ya matairi iliyojazwa upepo kidogo ili mtetemo wa malori usipande. Njia za mwanga akazipima kwa uzi. Kila mwale ulitakiwa kufika kwenye bamba kwa mwinamo uleule, na ili kuhakikisha hilo aliweka kadi nyeupe yenye tundu la pini, akaangalia kama mwanga unaorudi kutoka kwenye bamba unaingia kwenye tundu ulilotokea. Mitatu ilirudi vizuri. Wa nne ulikuwa unatangatanga. Aliushika kwa kuzungusha skrubu kiasi ambacho jicho halioni, akabana pumzi, akasubiri meza itulie, akazungusha tena. Ukipotea kidogo tu ndani ya zile sekunde tisini za kupiga mwanga, bamba linatoka na mawingu mawingu na halifai.

Hakuna mwingine aliyeweza. Walikuja maprofesa wakajaribu, wakaondoka na picha za mkono wa Sekela ukiwa kwenye skrubu. Picha moja iliwekwa kwenye kalenda ya taasisi, mwezi wa Agosti. Mwaka huo Agosti nzima tuliizungumzia picha hiyo tu.

Huyo ndiye Sekela kazini. Sekela mwenyewe ni mama mfupi wa miaka arobaini na mitatu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mcheshi kwa watu anaowazoea na mkavu kwa wengine. Alikuwa anaishi Chanika, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo na ambayo madirisha mawili bado yalikuwa ya mabati. Aliondoka kwake saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa mbili usiku. Mume wake, Brightson, alibaki Tukuyu akifundisha hisabati sekondari, na mpango wao ulikuwa akistaafu aje Dar. Mwishoni mwa mwaka elfu mbili na ishirini kiharusi kikampiga Brightson darasani. Kikachukua mkono na mguu wa kushoto, kikaacha mdomo.

Kumleta Dar haikuwezekana. Nani angemgeuza kitandani Chanika kuanzia alfajiri hadi usiku? Kule alikuwa na dada yake, Loveness, na ndugu wengine jirani. Sekela kuacha kazi nako haikuwezekana, kwa sababu dawa za Brightson na mazoezi yake ya viungo vilikuwa vinalipwa na bima ya kazi hiyohiyo. Daktari alimwambia Sekela wazi kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote, na kikija kinaweza kuondoka na kauli. Kwa hiyo Sekela alitaka kitu kimoja tu. Tuna kituo cha kanda Mbeya, mwendo wa saa moja na kitu hadi kwake. Alitaka kuhamia huko, awe anarudi nyumbani kila jioni wakati mume wake bado anaongea.

Na alikuwa anaongea, yule bwana. Kila siku saa saba mchana alipiga simu, na Sekela alikuja kupokelea ofisini kwangu kwa kuwa maabarani simu haziruhusiwi. Alikuwa anaweka sauti ya juu, tunakula huku tunamsikiliza.

"Dada Marietha, shikamoo."

"Marahaba shemeji. Umeamkaje?"

"Nimeamka na upande mmoja. Mwambie huyo mke wangu jana kanidanganya jibu la swali langu. Mwambie aache kubahatisha, sie huku tunakokotoa."

Alikuwa na mtindo wa kumpa maswali ya hesabu ya kula nayo. Sekela anajibu huku anatafuna, anakosea makusudi, yule anamrekebisha kwa furaha ya mwalimu. Mara nyingine hawakuongea hesabu, alimweleza tu mvua ilivyonyesha na ng'ombe wa nani ameingia kwenye migomba ya nani. Ikikatika simu, Sekela anafunga kontena lake la chakula na kurudi kwenye chumba chake cha taa ya njano, isiyoigusa ile dawa ya bamba, bila kuniangalia.

Sasa taratibu zetu. Mtumishi akitaka kuhama kituo, lazima apatikane wa kubadilishana naye, wa kada ileile, kule anakotaka kwenda. Wewe unakuja, mimi nakwenda, idadi haibadiliki, wakubwa hawaumizwi kichwa. Walimu na wauguzi wanafanya kila siku. Sekela alileta barua ya kwanza Machi elfu mbili ishirini na moja. Nikafungua orodha ya watumishi, nikatafuta kada yake. Fundi Sanifu Optiki, yaani wa vyombo vya mwanga. Kwenye taasisi nzima, vituo vyote saba, alikuwa mmoja.

Na kada hiyo niliitengeneza mimi.

Hapa lazima niseme, hata kama naonekana mjinga. Mwaka elfu mbili kumi na tatu Sekela alikuwa Fundi Sanifu wa kawaida, kwenye foleni moja na mafundi wengine themanini wakisubiri kupandishwa daraja. Niliona si haki. Mtu anafanya kazi isiyofanywa na mwingine, halafu anasubiri nyuma ya watu wa kurekebisha viyoyozi? Nikaandika dokezo la kurasa nne kwa mkurugenzi, nikapendekeza kada mpya yenye ngazi zake. Likapita. Sekela akapanda ngazi mbili kwa mpigo. Aliniletea mchele wa Kyela debe zima, na mimi nilijisikia afisa utumishi kuliko siku zote za kazi yangu. Lile dokezo nilihifadhi nakala nyumbani.

Kwa hiyo barua ya kwanza niliikataa kwa sababu niliyoitengeneza mwenyewe. Niliandika kwamba ombi lake limepokelewa, na kwa kuwa hakuna mtumishi wa kada yake katika kituo cha Mbeya, ombi haliwezi kushughulikiwa kwa sasa. Ya pili niliijibu hivyohivyo, na ya tatu. Barua ya jibu ilikuwa tayari kwenye kompyuta yangu, nabadilisha jina na tarehe tu, maana maombi ya uhamisho yalikuwa yanaingia kama utitiri na mimi nilikuwa peke yangu.

Sekela hakukaa kimya. Aliingia kwenye makundi ya simu ya watumishi wanaotafuta wa kubadilishana, akatangaza: natoka Dar es Salaam, naenda Mbeya. Alipigiwa na wauguzi, akapigiwa na mabwana shamba, akapigiwa na askari magereza mmoja wa Ukonga aitwaye Kasimiri, ambaye alikuwa tayari kubadilishana na mtu yeyote wa kada yoyote.

"Sista, mie nimekaa pale miaka kumi na nne," alimwambia. "Wafungwa wanaingia, wanatoka, mie nipo. Hiyo optiki ni ya kufundishika?"

Tulicheka siku hiyo hadi mama wa chai akachungulia. Halafu Sekela akaacha kucheka ghafla, akasema, "Dada, huyu na mimi tuna ishu moja," akaondoka.

Alipoleta barua ya nne, mwanzoni mwa elfu mbili ishirini na nne, sikuwa na moyo wa kuijibu. Nilimpeleka kwa mkurugenzi. Daktari Audax si mtu mbaya. Ni Mhaya mwenye maneno mengi na hofu nyingi, na hofu yake kubwa ilikuwa mkataba wa vibandiko, kwa sababu ndio uliokuwa unatuweka mjini.

"Sekela, mimi nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini nani atashika mwale wa nne? Nipatie mtu mmoja anayeweza kuushika, mimi sina kinyongo, utaenda. Kada nayo Marietha atatafuta namna."

Tulitoka pale tumefurahi. Sasa naona tulifurahia nini: tulifurahia kuambiwa mlango upo.

Aliyepewa kufundishwa ni Polikarpo, fundi wa karakana yetu, mtu wa Newala, miaka arobaini na nane, kutoka ukoo wa wachonga vinyago. Mikono yake ilikuwa mizito kwa sura lakini ukimpa kitu cha kupima kwa macho, hakosei. Mke wake Yuliana anauza mihogo pale kituoni Tandika na watoto wao wote wanasoma Temeke, kwa hiyo hakuwa mtu wa kukimbia. Nilimchagua mimi. Nilidhani akishindwa huyu, hakuna atakayeweza.

Alishindwa. Miale mitatu aliiweka ndani ya wiki mbili, safi kabisa. Wa nne ulimtesa miezi minane. Kengele inalia, tunaganda, kengele inalia, tunangoja bamba lisafishwe, halafu tunasikia mlango wa maabara ukifunguliwa taratibu na tunajua ni mawingu. Ilifika mahali mlinzi anamuuliza Polikarpo getini, "Mawingu au jua?" Na kila bamba lililoharibika, Sekela alikuwa anakaa kwenye kile kiti cha plastiki ofisini kwangu na kusema, "Kwa hiyo bado nipo."

Mwezi wa saba tangu Sekela aanze kumfundisha, Jumatano, saa saba mchana simu ya Brightson haikuita. Saa saba na nusu akapiga Sekela mwenyewe. Loveness alipokea. Kiharusi cha pili kilikuwa kimepita alfajiri ile. Brightson alikuwa hai, macho yanaona, anamtambua mtu. Loveness akaweka simu kwenye sikio lake ili Sekela aongee, na sisi tukasikia pumzi tu. Sekela akaanza kumuuliza swali la hesabu, la namba mbili tu, rahisi. Akasubiri, akamuuliza tena. Nilinyanyuka nikaenda kusimama dirishani kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Alipewa siku saba, akaenda, akarudi. Maana ilibidi arudi, bima ile.

Wiki aliyorudi ndipo Polikarpo akamuuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo muda mrefu. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka fomu za likizo.

"Da Sekela, samahani. Hivi huu wa nne ni wa nini?"

"Wa nini vipi?"

"Naona mitatu ikikaa, imekaa. Wa nne ndio unaleta vurugu. Sie kwetu chungu kinakaa juu ya mafiga matatu, hata udongo uwe na mabonde. Ukiongeza figa la nne, aidha liko juu aidha liko chini, chungu kinacheza."

Sekela aliweka chini kadi ya tundu. Halafu akamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba yeye ni fundi wa mbao, afanye alichoambiwa. Polikarpo akainamisha kichwa, akaondoka. Hawakusemeshana siku nne.

Siku ya tano Sekela alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, akaweka mezani daftari la zamani lenye jalada la bluu. Alifungua ukurasa mmoja, umejaa hesabu zake za mwaka elfu mbili kumi na nne.

"Polikarpo yuko sahihi," akasema. "Na mie najua tangu hapa."

Alinieleza pole pole. Miale mitatu ikikutana inatoa vitone pia, vinajipanga kama nyumba za nyuki. Mmoja ukisogea kidogo, vitone vyote vinahama pamoja upande, lakini haviharibiki. Haijalishi. Minne ndiyo yenye tabia mbaya, kwa sababu wa nne usipopatana na wenzake kwa usahihi kabisa, vitone vinafutana. Kibandiko cha mitatu kingeng'aa vilevile, kingekuwa na nyota ya ncha sita badala ya msalaba. Mwenye dawa feki asingeweza kukiiga hicho pia.

"Sasa kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu mitatu anaiweza kila mtu, dada." Alikuwa anaongea akiangalia daftari. "Wageni walikuwa wanaitwa kuja kuangalia mkono wangu. Nani angekuja kuangalia skrubu ambayo hata Polikarpo anaiweza? Halafu baadaye, Brightson alipoumwa, nikajiambia ndio vizuri. Mtu muhimu anasikilizwa. Nilidhani nikiwa wa pekee wataniogopa, watanipa ninachoomba. Kumbe ndio walikuwa hawawezi kuniachia. Mie nimejifungia mwenyewe, na ufunguo ninao kwenye daftari miaka kumi."

Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa, kwa sababu mimi nami nilikuwa na dokezo langu la kurasa nne kwenye droo ya kitanda.

Alimwomba Polikarpo radhi mbele ya karakana nzima. Halafu walifunga kile kioo cha nne kwa kitambaa cheusi, wakakaa kuchora. Wazo la Sekela lilikuwa vioo vitatu visikae tena kila kimoja kwenye mguu wake, bali vyote vikazwe kwenye bamba moja nene la chuma, pamoja na kishikio cha kioo chenye dawa. Likitikisika, vinatikisika vyote kwa pamoja, na kwa kuwa vimetikisika pamoja ni kama havijatikisika. Kazi ya Polikarpo ilikuwa kukata pembe. Alikata, akasugua, akapima kwa kadi ya tundu, akasugua tena kwa msasa wa maji, wiki tano. Skrubu zote akazikaza na kuzimwagia gundi. Alipomaliza hapakuwa na kitu cha kuzungusha kabisa.

Bamba la kwanza walilipiga mchana kweupe, malori yanapita, bila kengele. Mimi nilijua baadaye, nilipomwona Polikarpo amesimama mlangoni kwangu ameshika kioo kwa kitambaa. Akakiinamisha. Nyota ya ncha sita.

Wenye mkataba walikaa na sampuli mwezi mmoja na nusu, wakaipima wanavyojua wao, wakakubali. Walisema hata ni bora, haina mabamba mengi ya kutupwa. Daktari Audax akafurahi kiasi cha kununua soda kwa wote. Nikamfuata hapohapo na chupa yangu mkononi, nikamkumbusha ahadi.

"Aende, aende," akasema. "Kazi sasa anaiweza Polikarpo. Wewe tu Marietha fuata taratibu."

Taratibu zilikuwa zilezile, wa kada ileile. Lakini safari hii niliona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo. Kama kazi haihitaji tena mtu wa pekee, kada ya mtu wa pekee ya nini? Nikaandika dokezo jingine, nusu ukurasa. Kada ifutwe, Sekela arudishwe kwenye Fundi Sanifu wa kawaida, awe sawa na mafundi wengine, na huko wa kubadilishana naye hawezi kukosekana. Mkurugenzi akasaini bila kukaa chini.

Ilibaki saini ya Sekela mwenyewe, kwa sababu alikuwa anashuka ngazi mbili na mshahara unashuka nazo. Nilimwita, nikamsomea yote. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu. Nilitegemea atasaini kabla sijamaliza. Hakusaini.

"Kwa hiyo nitakuwa Fundi Sanifu," akasema. "Basi."

"Fundi Sanifu. Kama wale themanini."

"Na wa viyoyozi."

"Na wa viyoyozi, mdogo wangu."

Akaizungusha kalamu vidoleni, na mimi nilimwona anapigana. Si uongo, ilimuuma. Halafu akasaini haraka haraka, herufi zimelala, akaniambia, "Haya, nitafutie mtu."

Nilishuka masjala mwenyewe. Sikumtuma mtu. Nikaomba majalada ya maombi ya uhamisho ya mafundi sanifu kutoka Mbeya kuja Dar es Salaam, nikadhani nitapata mawili matatu ya karibuni. La juu kabisa lilikuwa nene. Ndani kulikuwa na barua za mwanamke mmoja aitwaye Atuganile, Fundi Sanifu wa kituo cha Mbeya, mume wake anafanya kazi Kawe, anaomba kuja Dar es Salaam. Anaandika kila mwaka, mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Barua ya kwanza ilikuwa ya Machi elfu mbili ishirini na moja. Nyuma yake ilikuwa imebanwa nakala ya jibu: kwa kuwa hakuna mtumishi wa kada yako aliyeko Dar es Salaam anayeomba kuhamia Mbeya, ombi haliwezi kushughulikiwa kwa sasa. Saini yangu. Tarehe ya jibu hilo na tarehe ya jibu la kwanza la Sekela zilikuwa moja. Nilizigonga mhuri asubuhi moja, moja baada ya nyingine, na kati ya wanawake hao wawili palikuwa na neno moja tu, Optiki, lile nililoliongeza mimi kwa wema.

Nilikaa juu ya boksi la karatasi humo masjala kwa muda mrefu. Niliwaza kuchomoa zile barua za zamani na kubaki na ya mwaka huu. Ni rahisi, unavuta pini tu. Nani angejua? Nimefanya kazi ya majalada miaka thelathini na sijawahi kuchomoa karatasi, na siku ile mkono wangu ulifika kwenye pini. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nikalibeba jalada kama lilivyo.

Sekela alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki. Nikaweka jalada mezani, nikamwonyesha fomu ya kubadilishana niliyoiandaa, jina la Atuganile upande mmoja na lake upande wa pili. Nilikuwa nimeshampigia Atuganile simu, amekubali, alikuwa analia.

"Huyu ameomba lini?" Sekela akauliza.

Hakuwa ananitega. Aliuliza tu kwa furaha.

"Machi elfu mbili ishirini na moja," nikamwambia. "Wiki ileile uliyoleta barua yako ya kwanza."

Akalivuta jalada, akafunua barua moja moja hadi ya chini kabisa, akasoma jibu lake, akaona saini. Akasoma tarehe mara mbili. Nilimwambia, "Sekela, ni mimi. Ile kada. Naomba unisamehe."

"Wakati huo alikuwa bado anaongea," akasema.

Alirudisha barua zile kwa mpangilio wake, akazinyoosha kingo, akafunga jalada. Akasaini fomu pale kidole changu kilipoonyesha, safari hii taratibu, kila herufi imesimama. Kisha akaniuliza masjala wanafunga saa ngapi, kwa sababu alitaka iondoke leo.